Boti Yenye Matumbo Mawili

Mjomba alipolipwa kiinua mgongo, madalali wa Tanga walijua kabla ya mke wake. Wa kwanza alileta shamba la Muheza. Wa pili akaleta Noah iliyotembea kidogo (hiyo "kidogo" waulize mafundi wake). Wa tatu, mwenye viatu vya ngozi vilivyochongoka, akaleta katamarani, boti yenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa juu.

Mjomba hajawahi kuvua hata dagaa. Ila siku moja aliona watalii wakipelekwa kisiwa cha Toten wamejilaza kwenye wavu mbele ya boti, miwani ya jua usoni, na tangu hapo akili ikamruka. "Mpwa wangu," akaniambia, "hiyo ni daladala isiyo na trafiki."

Chombo chenyewe kilikuwa futi 38, fiberglasi tupu, kimetia nanga Raskazone, mali ya mzungu aliyechoka na bahari akataka kurudi kwao. Sifa moja nampa mjomba: hakukubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akamwita mkaguzi kutoka Dar, na mimi nikatumwa Sahare kumleta fundi wa mashua, mzee ambaye vidole vyake vinanukia kalafati hata siku ya Idi. Mkaguzi na fundi wakasalimiana kama wake wenza.

Kukagua ni pamoja na kuona chini. Kutafuta kreni ya kukiinua ni fedha, lakini katamarani ina raha yake: haina mkuku mrefu, inakaa wima yenyewe mchangani. Unaiingiza ufukweni maji yakijaa, yakipwa unaizunguka kwa miguu, yakijaa tena unaondoka zako. Na Tanga, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kazi nusu imeshafanywa na Mwenyezi Mungu.

Tulikutana alfajiri. Fundi akauliza swali moja tu: "Mwezi umepevuka lini?" Alipojibiwa, akatikisa kichwa. "Bamvua limeshavunjika hili. Kila maji yajayo ni madogo kuliko haya. Kiwekeni chini kule, msikipandishe."

Chini kule kulikuwa na tope. Dalali akaangalia tope, akaangalia viatu vyake, kisha akamgeukia mzungu: "Juu! Juu kidogo! Kidogo tena!" Mzungu akauliza, "Maji sawa?" Dalali akasema sawa kabisa. Mzungu, maskini, akakoleza mashine.

Kufika saa 5 asubuhi chombo kilikuwa pakavu kabisa, unaweza kufagia chini yake. Mkaguzi akatoa kinyundo cha plastiki na kuanza kugonga ubavuni, sikio karibu. Fiberglasi nzima hujibu kwa sauti kali. Ikiwa tabaka zimeachana ndani, sauti inakufa. To, to, to. Fundi anamfuata nyuma, anapapasa, ananusa. "Hakina taruma, hakina msumari," akanung'unika. "Sasa nikague nini, ndoo?"

Tumbo la kulia likapita. Tumbo la kushoto, karibu na nyuma, mkaguzi akagonga: to, to, to.

Ndani kukajibu: to, to, to.

Mkaguzi akasimama. Akagonga mara mbili, taratibu, kama anayeomba samahani. Kukajibiwa mara mbili. Fundi akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti. Mjomba alikuwa ameshanishika shati. Dalali simzungumzii, maana viatu alivibeba mkononi na alikuwa ameshafika kwenye minazi.

Mara kidirisha cha dharura kilichopo ubavuni, kile cha kutokea boti ikipinduka, kikafunguka. Kikatoka kichwa chenye alama za kamba shavuni. "Jamani, mimi ni mlinzi, zamu yangu ya usiku. Mnagonga nini watu tumelala?"

Kazi ikaendelea. Daftari likajaa: malengelenge chini ya mstari wa maji, unyevu kwenye sitaha chini ya mlingoti, koki moja ya bronzi imeganda, na nyaya zinazoshikilia mlingoti zina miaka 14, wakati wataalamu wengi hushauri zibadilishwe zikifika 10 hivi. Kilichobaki ni kukijaribu baharini, matanga yakiwa juu. Tukapanda, tukasubiri maji.

Maji yakaja magharibi, kwa adabu zote. Yakapanda matumboni, chombo kikatikisika, mzungu akawasha mashine, mchanga ukaruka, tukapiga takbira. Yakafika hapo, ikabaki shibiri moja tu chombo kielee, yakaanza kurudi. Fundi, aliyekataa kupanda, alikuwa amekaa juu ya dau lililopinduliwa anatafuna tambuu. "Hayo ndiyo ya leo. Ya kesho madogo. Mpaka mwezi uandame."

Yaani karibu wiki mbili. Ufukwe mzima ulikuwa umeshajaa watu, na kijana mmoja akapaza sauti: "Tanga, waja leo waondoka leo!" Mwenzake akamjibu, "Huyu kahamia!"

Mkaguzi akapanda basi la Dar. Dalali simu haikupatikana tena. Mama mmoja wa chapati na maharage aliona kile kivuli kati ya matumbo mawili, akahamishia benchi lake hapo. Bao likafuata, kisha mbuzi, kisha kamba ya kuanikia kanga kutoka tumbo moja hadi jingine. Mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza kama ujenzi huo una kibali. Mjomba, ambaye hajanunua hata skrubu, akawa analipa mlinzi wa mchana, kwani yule wa usiku alisema chombo kikiwa nchi kavu majukumu yanaongezeka.

Mwezi ukaandama. Vijana wakasukuma usiku, chombo kikaelea, na benchi likaelea nacho. Mama chapati akadai fidia ya kuvunjiwa mgahawa, mjomba akalipa. Mzungu naye, kwa kuchoka, akashusha bei mpaka ikatia shaka.

Mjomba akamvuta fundi pembeni. "Mzee wangu, niambie ukweli. Ninunue?"

Fundi akatema tambuu, akafikiri sana.

"Nimekaa chini yake wiki mbili," akasema. "Kivuli chake kizuri."