Kwani fundi wa stima hawezi kusoma riwaya?

Kila matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka kelele ni ile ile, nendeni TVET, vyuo vya ufundi, mjifunze kazi ya mikono, nchi imechoka na watu wa kuchambua mashairi. Na ukitaja kufundisha fasihi kwa hivyo vyuo unachekwa kabisa.

Wanaocheka wako na point. Mzazi wa Kayole, Nairobi, anachangisha karo, shilingi 67,189 kwa mwaka, hata mkopo wa serikali wa HELB ukiingia bado ni mzigo, na kijana anataka amalize haraka aanze kufunga stima kwa nyumba za watu. Ukimuongezea somo la hadithi atakuuliza linalipa wapi. Mwalimu wa welding naye ataona pesa za hilo somo zingenunua mashine nyingine, maana darasa zima linapigia foleni moja.

Lakini hebu tuangalie hesabu. KCSE ya 2024 ilifanywa na watu 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, ile ya kuingia digrii, ni 246,391. Toa hapo. Wanabaki zaidi ya laki saba, na hiyo ni mwaka mmoja tu. Na hao wote walisoma fasihi, kwa sababu Kiswahili ni lazima na karatasi ya tatu ni fasihi tupu. Halafu wakimaliza mlango unafungwa, maana kozi za fasihi karibu zote ziko kwa digrii na digrii inataka C+, kwa hivyo mtu wa C wazi, amekosa hiyo gredi moja tu, anaambiwa achague kati ya umeme na upishi na hadithi basi. Laki saba! Sisemi wote walikuwa wanazipenda, wengi walisoma mwongozo wakaachana na riwaya yenyewe, lakini ungependa aje kitu ukikutana nacho tu kama "eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4"?

Chenye kinakaribia fasihi TVET ni lile somo la mawasiliano, na hapo ni memo, barua ya kuomba kazi na vizuizi vya mawasiliano. Sawa, zinahitajika, ila huko Marekani kwa vyuo vyao vya jamii, vile vya miaka miwili, hata anayesomea uuguzi anaweza kuchukua darasa la fasihi likahesabiwa, na baadaye ahamie chuo kikuu nalo. Ni kweli wengi huko hawamalizi na krediti zingine zinapotea mtu akihama, kwa hivyo hakuna haja ya kukopi kila kitu.

Hamu iko, tusidanganyane. Simama jioni hapo tao kwa inama bookshop, wale wauza vitabu wa barabarani, vitabu vimetandikwa chini kwa gunia, utaona jamaa na ovaroli yenye rangi amechutama anasoma nyuma ya jalada polepole, anauliza bei, anarudisha, anakichukua tena.

Mimi ningeanza na saa moja kwa wiki, vitabu vya bei hiyo ya barabarani, bila dondoo na bila mtihani. Najua mwalimu ataniambia kitu hakina mtihani wanafunzi hawaji. Pengine. Basi waje wenye wanataka, na hao wengine waende wakapige hiyo foleni ya mashine.