Hata Tui Huchujwa

Kwenye kupamba bibi harusi hapa Mombasa simu huachwa mlangoni, na mama anayesimama pale hupekua mikoba kuliko askari wa uwanja wa ndege. Wanawake ndani wamevua mabuibui. Hakuna anayetaka picha yake izunguke mjini kesho yake. Basi shangazi yangu alipokuwa akimuoza bintiye, aliniita kwake Kibokoni.

"Wewe si wasomea mambo ya mawimbi? Nataka sauti tu. Nyimbo, na vigelegele vyangu."

Vigelegele vya shangazi si mchezo. Akivipiga Kibokoni, Likoni ng'ambo washajua kuna harusi.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mawasiliano, tena ndiyo kwanza tumemaliza mada ya sampuli na mapigo: jinsi sauti inavyokatwakatwa, kila kipande, yaani sampuli, kikapimwa, kikaandikwa kwa namba. Nikaunda kisanduku. Maikrofoni, bodi ndogo ya maikrokontrola, yaani kikompyuta cha chipu moja, kadi ya kumbukumbu. Nikakipangia sampuli 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila moja, yaani tarakimu nane za 0 au 1, kama simu za mezani: biti 64,000 kwa sekunde. Saa nzima ni megabaiti 28.8 tu! Kadi yenyewe ilikuwa ya gigabaiti 16. Hiyo akiba nilikuwa namwekea nani, hata leo sijui.

Kichujio cha kuzuia sauti nyembamba mno sikuweka. Na si kwamba sikujua. Kwenye mtihani niliiandika kanuni ya Nyquist kwa mwandiko mzuri kabisa: sampuli zizidi mara mbili ya masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani hertzi) ya juu kuliko yote yaliyomo kwenye sauti. Kwa hiyo ukichukua 8,000, chochote kilichofika hertzi 4,000 na kupita kichujwe kabla hakijaingia. Lakini rezista na kapasita za kukiundia zilikuwa zimeniishia, jua la saa nane lilikuwa kali, nikajiambia: nitachuja baadaye kwenye kompyuta.

Mdogo wangu wa kike akaingia nacho ukumbini. Mimi nikabaki nje na madereva, nikila mahamri.

Kesho yake jioni ukoo mzima ulijaa barazani. Nikaunganisha spika. Mazungumzo yakasikika sawa, kama mtu aliyepiga simu kutoka Lamu. Shangazi akatabasamu, akajitengeneza leso. Kisha matoazi yakaingia, yakatoka kama samaki anayekaangwa kwenye mafuta yenye maji. Halafu vigelegele.

Meee-eee-eee-eee.

Paka aliyelala barazani aliinuka, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake.

"N'nani huyu?" akauliza shangazi.

Hakuna aliyejibu. Mdogo wangu, Mungu amsamehe, akasema: "Ni wewe, shangazi."

Nikajaribu kujitetea kwamba nimechukua sampuli elfu nane kila sekunde. "Elfu nane!" akasema. "Na katika zote hizo hukunipata mimi hata mara moja?"

Aliyeniokoa, au aliyenimaliza, ni mzee jirani aliyestaafu ufundi wa simu. Aliuliza neno moja tu: "Ulichuja?" Nikanyamaza. Akaanza kuwaeleza watu, huku mimi nikitafuta pa kuingia. Vigelegele vina sauti nyembamba zinazopanda juu sana. Ile ya hertzi 7,000, ukiichungulia mara 8,000 kwa sekunde, namba zinazobaki ni zile zile za hertzi 1,000. Inashuka, inajifanya nyingine, inakaa katikati ya zile halali. "Mtu akichungulia saa ya ukutani kila baada ya dakika 55," akasema, "ataapa kwamba mshale wa dakika warudi nyuma." Simu za mezani, akaongeza, huchuja sauti kwanza, ikabaki ile ya kati ya hertzi 300 na 3,400, yatosha kuulizana hali. Mwingereza Alec Reeves alipobuni mbinu hii ya kuandika sauti kwa namba mwaka 1937 akiwa Paris, alikuwa akihangaikia simu, si harusi za Kibokoni.

"Basi nitachuja sasa hivi kwenye kompyuta," nikasema.

Shangazi ndiye aliyenijibu, na mhadhiri wangu hajawahi kusema vizuri hivyo: "Ukishapika wali wa nazi na machicha yake ndani, utauchuja wali? Hata tui huchujwa kabla, mwanangu!"

Wiki hiyo hiyo binamu zangu wakaufanya ule mlio kuwa wito wa simu zao.

Mwaka uliofuata akaozwa bintiye wa pili. Safari hii niliweka kichujio, nikachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, za biti 16, kama zile za diski ya muziki. Shangazi akataka kusikiliza peke yake kwanza, na spikamasikio. Vigelegele vyake vikatoka vile vile alivyovipiga, safi, hakuna kilichopotea. Akasikiliza mara mbili, kisha akazivua.

"N'nani tena huyu, mwenye sauti nyembamba hivi?"

"Ni wewe, shangazi. Hivi ndivyo ulivyo."

Akanirudishia spikamasikio.

"Afadhali yule mbuzi."