Kabla ya sumu, washeni taa inayotembea

Wiki iliyopita jirani yangu alitega mayai yenye sumu nyuma ya banda lake. Kicheche alikuwa amemmalizia matetea waliokaribia kutaga, na uchungu wake naujua. Anayefuga kuku wa kienyeji huku Kisarawe anajua kufungua banda asubuhi ukakuta manyoya na damu. Lakini aliyekufa alikuwa mbwa wake mwenyewe. Yai jingine liliokotwa na mtoto wa nyumba ya pili, akalibeba mkononi hadi kwa mama yake kuuliza ni la kuku wa nani. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa mtoto wa kuuliza.

Nilipomwambia jirani yangu kwamba angeanza na taa, alinijibu, "Dada, kicheche hasikii taa. Kwangu balbu inawaka usiku kucha na bado kaingia." Ni kweli, balbu ilikuwa inawaka. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu wafugaji wengi ninaowajua wamepita njia hiyo hiyo. Wametundika balbu moja mlangoni, kuku wakaliwa, wakasema taa ni upuuzi, wakaenda dukani kununua sumu.

Balbu iliyotulia hailindi kitu. Mnyama wa usiku anayevizia banda anamwogopa mtu, na mtu wa usiku anajulikana kwa mwanga unaosogea, unaozima hapa na kuwaka pale. Balbu iliyo mahali pamoja ataizoea kama alivyouzoea mwezi. Leo atasita, kesho atakaa pembeni aipime, baadaye atapita chini yake huku ikimmulikia tundu la kuingilia.

Richard Turere wa Kitengela, Kenya, aliligundua hili akiwa mtoto wa miaka 11. Kwao ni upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ule usio na uzio, na simba walikuwa wakitoka usiku kufuata ng'ombe wa baba yake. Alianza na moto, akaona moto unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliiona wakaondoka, waliporudi tena wakatambua kwamba haisogei, wakaingia. Kisha usiku mmoja akazunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawakuja. Akaelewa. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kile kidude cha pikipiki kinachofanya indiketa ziwake na kuzima, na taa za tochi mbovu. Akazifunga kuzunguka zizi zikitazama nje, zikawa zinamulika kama mtu anayezunguka na tochi wakati yeye amelala. Mwaka 2013 alisimulia haya kwenye jukwaa la mihadhara la TED huko Marekani, na taa za namna yake zimefungwa kwenye maboma mengi kuzunguka hifadhi ile.

Vifaa hivyo vyote vipo kwa fundi pikipiki yeyote wa hapa kwetu. Kama unatumia taa za LED, mwambie akupe kidude cha kielektroniki, kwa sababu kile cha zamani kinategemea mzigo wa balbu za kawaida, na ukikifungia LED kinameta haraka kupita kiasi au hakiwaki kabisa. Watu wengi wanakata tamaa hapo, wakidhani wamedanganywa.

Ila kuku si ng'ombe, na kicheche si simba. Taa ya kuzuia simba ikifungwa juu ya nguzo inamtosha simba, lakini kicheche, kanu na paka pori wanapita chini kabisa. Taa zangu nimezifunga chini ya usawa wa goti, kila upande wa banda, zote zikitazama nje kuelekea vichakani wanakotokea. Upande mmoja zinameta haraka, mwingine polepole, na kila baada ya siku chache nazihamisha. Kuhamisha ndiko watu wanakokuonea uvivu, na bila kuhamisha umerudi kwenye sanamu ya Turere. Asiye na fedha ya sola aning'inize tochi kwa kamba kwenye tawi, upepo uicheze. Mwanga unaoyumba bila mpangilio ni mzuri kuliko unaometa kwa saa ile ile, mahali pale pale, miezi yote.

Masika lazima niyataje. Mawingu yakifunga siku nzima, paneli haijazi betri, taa zinafifia katikati ya usiku. Usiku wa mvua ndio wenyewe kwa kicheche, mtu hatoki nje na mbwa amejikunyata. Futa vumbi na matope kwenye paneli, na uwe na betri ya akiba.

Halafu kuna hii tabia ya kuwasha balbu ndani ya banda mpaka asubuhi. Kuku anahitaji giza alale. Hata anayesukuma kuku watage, saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku zinatosha. Balbu ya usiku kucha inawakosesha kuku usingizi, inaita wadudu, wadudu wanaita vyura, vyura wanaita nyoka. Mwanga uwe nje, banda liwe na giza.

Wanaosema taa haitoshi wana haki kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka milima ya Chile, kwa wafugaji wa lama na alpaka, ulionyesha kwamba taa za kumeta ziliwazuia puma lakini mbweha wa kule hawakuzijali. Sipendi kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo tundu la banda lazima lizibwe kwa wavu wenye matundu ya nusu inchi, na chini pangwe mawe au wavu ufukiwe, maana kicheche anachimba. Nguchiro na mwewe wanakuja mchana, taa haiwahusu. Siafu hawajali chochote. Na ndiyo, mbwa mzuri anazishinda taa zangu zote, akiwa hajalishwa yai la sumu.

Sumu haichagui. Ukimtegea kicheche, umemtegea mbwa, paka, kuku wako mwenyewe anayedonoa kila kitu, na mtoto. Panya akila akafa, bundi anamla panya, na bundi ndiye aliyekuwa anakupunguzia panya wanaomaliza pumba na chakula cha kuku. Kenya waliyaona haya kwa Furadan, dawa ya wadudu shambani. Watu walipaka mizoga kuua simba, na tumbusi waliotua kula wakafa pia, hadi mwaka 2009 mtengenezaji akaiondoa kwenye soko la huko. Sisi tunaoishi jirani na msitu wa Kazimzumbwi tunaweka sumu kwa mkono wetu, kwenye yai, chakula kile kile tunachompa mtoto asubuhi. Nakasirika nikiandika hili na sitapunguza hasira. Matetea ni fedha, lakini fedha hiyo inatafutika tena.

Nawaomba pia wauza dawa za mifugo. Mama akija kwenu analia kwamba kicheche kamaliza kuku, msimkabidhi kichupa bila neno. Mwulizeni banda lake lina tundu wapi. Mwulizeni taa yake inatazama ndani au nje.

Na maafisa mifugo wa kata, siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, mnatukuta wote tumekusanyika, kila mtu na tenga lake. Njooni na fundi pikipiki mmoja na betri moja. Afunge taa mbele yetu, aifungue, amwachie mama mmoja aifunge mwenyewe. Haichukui hata saa nzima, na wa kwanza kumpa nafasi ya kushika waya ni jirani yangu.