Mchicha Umekosa Nini?

Jumapili iliyopita, nyumbani kwa shangazi yangu huko Kirumba, Mwanza, nilimtazama shangazi mwenyewe, mwanamke aliyeuza dagaa katika soko la Mwaloni kwa zaidi ya miaka ishirini akichambua mchuzi wa sato kwa ncha ya kijiko, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kila kipande cha hoho alikitenga ukingoni mwa sahani, kimoja baada ya kingine, hadi sahani nzima ikazungukwa na mstari wa kijani. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, nimekatazwa kila kilicho kijani." Ndizi za kupika nazo ameziacha kwa sababu ya rangi yake. Mchicha haununuliwi tena katika nyumba hiyo.

Shangazi ana vali ya chuma moyoni na humeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni. Katazo hilo alipewa na kliniki moja hapa mjini, kwa sentensi moja, akiwa amesimama mlangoni huku mgonjwa mwingine akiitwa jina. Tangu lini rangi ikawa kipimo cha chakula?

Naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa hasira yangu haieleweki pasipo kuitaja jeni moja inayoitwa GGCX. Jeni hii ipo kwenye kromosomu ya 2, na kimeng'enya kinachotokana nayo, yaani protini inayoendesha kazi fulani mwilini, kina kazi ya kumalizia protini ambazo mwili umekwisha kuziunda. Prothrombini na wenzake wanaogandisha damu huundwa katika ini, lakini hutoka kwenye karakana ya kwanza wakiwa hawajakamilika. GGCX ndiyo inayowaongezea kijipande cha kikemikali kiitwacho kundi la kaboksili kwenye pingili zao za asidi ya glutamiki zilizo karibu na mwanzo wa mnyororo wa protini, na kwa prothrombini peke yake kazi hiyo hufanyika mahali 10. Mabadiliko hayo ni madogo kuyataja, lakini bila hayo protini haiwezi kuikamata kalsiamu ipasavyo, na bila kalsiamu haiwezi kutulia kwenye utando wa chembe pale penye jeraha. Itakuwa kama mtumbwi uliofika ufukweni bila nanga: upo, kila mtu anauona, lakini kila wimbi linaurudisha majini.

Ili kufanya kazi hiyo, GGCX huhitaji vitamini K, na kila inapoitumia huiacha ikiwa imechakaa. Kimeng'enya kingine, kinachotokana na jeni ya VKORC1 iliyo kwenye kromosomu ya 16, huirudishia vitamini hiyo uwezo wake ili itumike tena. Wafarini humzuia huyu wa pili, na GGCX hubaki na njaa. Ndiyo maana silipendi jina la "dawa ya kuyeyusha damu" tunalolitumia sote, mimi nikiwemo, kwa sababu hakuna kinachoyeyushwa. Kinachotokea ni kwamba protini za kugandisha zinaingia katika damu zikiwa nusu kazi.

Sasa turudi kwenye mchicha. Ni kweli kwamba mboga za majani zina vitamini K nyingi, na ni kweli kwamba mtu anayetumia wafarini akiongeza mboga ghafla dawa yake hupungua nguvu. Lakini kutoka hapo hadi kusema "usile kabisa" ni safari ambayo hakuna aliyeniambia imepitia barabara gani. Kipimo cha dawa hupangwa kulingana na mgonjwa anavyokula, na jambo linalomdhuru ni kuyumba kwa ulaji huo, leo rundo zima, mwezi ujao hata jani moja hakuna. Zaidi ya hapo, mtu anayeishi bila mboga huwa na vitamini K kidogo mno mwilini, kwa hiyo hata badiliko dogo la chakula humtikisa kuliko linavyomtikisa yule anayekula mboga zake kwa kiasi kilekile wiki baada ya wiki. Katazo lililotolewa kwa jina la usalama ndilo linalomwacha mgonjwa bila akiba.

Ushahidi ninao katika kijitabu cha shangazi, ambacho kona zake zimelainika kwa kushikwa. Alitakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5 katika kipimo cha INR, ambacho hupanda kadiri damu inavyochelewa kuganda, na kwa miezi kadhaa alikuwa humo. Kisha akavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda kumtembelea dada yake Sengerema, akakaa majuma matatu wakati wa mvua, mahali ambapo majani ya maboga humea hadi mlangoni na mgeni hana ubavu wa kukataa anachopakuliwa. Aliporudi kipimo kilisoma 1.7, kiwango kinachoweza kuiacha damu igande kwenye ile vali ya chuma. Hakuna aliyemuuliza alikula nini. Dozi ikaongezwa, naye akarudi Kirumba kwenye ugali na dagaa bila mboga, na kipimo kilichofuata kikasoma 4.6, huku fizi zikitoka damu kila alipopiga mswaki. Hapo ndipo alipopewa lile katazo la rangi, na hoho zikaingia hatiani pamoja na mchicha. Mafuta ya soya, ambayo ni ya manjano na yana vitamini K ya kutosha kabisa, hayakutajwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba muuguzi mwenye benchi refu la wagonjwa mlangoni hana nafasi ya kufundisha habari za vimeng'enya, na kwamba katazo la maneno mawili ni rahisi kulikumbuka. Lakini "kula mboga kwa kiasi kilekile kila wiki" nayo ni sentensi fupi. Ingebaki pia pumzi ya kuuliza kuhusu dawa za kienyeji na vidonge kama metronidazoli, ambavyo huweza kuipandisha INR pasipo kuhusisha jani lolote, na ya kuwaonya wasichana wenye vali za chuma kuhusu wafarini na ujauzito.

Kuna jirani aliyemwambia shangazi kwamba dawa yake ni sumu ya panya. Sikuwa na la kukanusha, kwa sababu wafarini ilianza kuuzwa kwa kuua panya nchini Marekani mwaka 1948, na ilipata kibali cha kutibu binadamu mwaka 1954. Panya nao wana VKORC1. Shangazi alilisikiliza jambo hilo kwa utulivu kuliko anavyolisikiliza neno mchicha, akasema kwamba panya hapimwi INR.

Sikumpakulia mboga siku ile, kwa kuwa kuanza upya bila kliniki kujua kungekuwa kosa lilelile la Sengerema. Badala yake nilichukua karatasi nikaandika kile ambacho angependa kula: fungu moja la mchicha Jumanne, jingine Ijumaa, bila kuzidisha wala kuruka, kisha chini yake ombi kwamba apimwe mapema zaidi wakati dozi inarekebishwa. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, akanirudishia niandike kwa herufi kubwa, na mahali pa Ijumaa nifute mchicha niweke majani ya maboga.