Kengele ya Alfajiri na Saa ya Mwili wa Kijana

Katika shule nyingi za bweni nchini Kenya kengele ya kuamka hulia kabla ya saa 11 alfajiri, na mwanafunzi anayesinzia darasani muda mfupi baadaye huhesabiwa kuwa mvivu. Wanaotetea utaratibu huo wana hoja yao: silabasi ni ndefu, ushindani wa nafasi za vyuo vikuu ni mkali, na jamii inayosema biashara asubuhi, jioni mahesabu imezoea kumwona anayedamka kuwa ndiye mwenye bidii. Hata hivyo, hukumu hiyo ya uvivu haina msingi imara.

Wapo watu wa alfajiri na wapo watu wa usiku, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Umri nao una mkono wake. Mwaka 2004, mtafiti Till Roenneberg wa Munich, Ujerumani, na wenzake walionyesha kwamba saa ya kulala huzidi kuchelewa tangu balehe hadi karibu miaka 20, kisha huanza kurudi mapema. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kuwa usiku umeingia, huweza kuchelewa kwa muda wa hadi saa mbili ikilinganishwa na utotoni, hivyo kijana aliyeamriwa kuzima taa anaweza kukaa kitandani macho makavu bila ukaidi wowote. Mtu wa alfajiri huumia kidogo tu na ratiba hiyo. Mtu wa usiku hukosa usingizi wiki nzima, na akipata nafasi ya kulala hadi mchana siku ya Jumamosi, saa ya mwili wake, yaani mfumo wa ndani unaopanga usingizi na kuamka, huzidi kuchelewa na Jumatatu humwia ngumu maradufu.

Upande wa pili hauna budi kusikilizwa, maana maumbile si kila kitu. Mwaka 2013, Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado aliwapeleka watu wazima wanane kambini milimani kwa wiki moja bila taa za umeme. Saa za miili yao zilisogea mapema kwa karibu saa mbili, na pengo kati ya watu wa usiku na wa alfajiri likapungua. Utafiti huo ni mdogo, na haukuwahusu vijana, lakini mzazi anayelaumu simu na taa za usiku hajakosea kabisa. Ajabu ni kwamba hoja hiyo haiisaidii kengele ya alfajiri: Nairobi jua huchomoza karibu saa 12:30 mwaka mzima, na aliyeingia darasani saa 11 hukaa chini ya balbu muda wote huo kabla ya kuupata mwanga wa mchana, ambao ndio hasa unaoirekebisha saa ya mwili.

Wengine husema kijana akipewa asubuhi zaidi atakesha zaidi. Mjini Seattle, Marekani, shule za sekondari zilisogeza masomo mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi, na wanafunzi waliopimwa wakapata takriban dakika 34 zaidi za usingizi. Sehemu ya muda ilipotea, ila nyingi ilibaki. California ilipoweka sheria ya masomo ya sekondari kutoanza kabla ya saa 2:30, iliyoanza kutumika mwaka 2022, wapinzani walitaja mabasi, kazi za wazazi na michezo ya jioni. Kwa mwanafunzi wa kutwa anayetegemea matatu, vikwazo hivyo ni vya kweli. Kwa anayelala hatua chache kutoka darasani, havina uzito.

Kenya yenyewe, katika Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, iliwatengea wanafunzi wa bweni usingizi kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Kwa mtu wa usiku mwenye miaka 16, saa 3:30 ni mapema mno, na sioni haja ya kumlazimisha. Ikiwa lazima upande mmoja ulegezwe, ningeacha taa zizimwe saa 4 na kuilinda saa 12 ya asubuhi kwa ukali wote, kwa kuwa usingizi wa alfajiri ndio ambao kijana huyo hawezi kuufidia kwa kulala mapema.