Fila ikae muda mrefu ili iweje?

Kila ikitoka fila mpya, yaani jeli ya kujaza inayodungwa kwa sindano chini ya ngozi, sifa ya kwanza inayotangazwa ni kwamba inakaa sana, na mi naona hapo ndo tunapopotea. Kwa anayetaka midomo ijae, hiyo sawa. Ila mwenye kovu lililozama, au aliyepoteza nyama kwa ajali au upasuaji, yeye anataka kujua jeli ikishaisha pale patabaki na nini.

Tumeshaonywa lakini. Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga watu parafini (ya jamii ya vaselini, sio mafuta ya taa) 1899, ikasifiwa kweli, halafu baadaye watu wakaota manundu magumu maana mwili hauna namna ya kuivunja. Silikoni ya maji nayo imeumiza wengi vilevile. Kolajeni ya ng'ombe, yaani protini inayoshikilia ngozi, ilikubaliwa Marekani 1981, hiyo inaisha yenyewe, shida ni mzio, ikabidi mtu apimwe kwanza kwenye ngozi.

Sasa hivi inayotumika zaidi ni asidi ya haiyaluroniki, kitu ambacho tayari kipo mwilini, na kwa kuwa ikiwa peke yake inaisha haraka, wanafunganisha minyororo ya molekuli zake kwa kemikali ili idumu. Mi naipenda kwa jambo moja, inafutika. Jeli ikiziba mshipa wa damu ngozi inaweza kufa, na usoni mtu anaweza hata kupofuka, kwa hiyo kuwa na kimeng'enya cha kuiyeyusha pale pale sio jambo dogo hata kidogo.

Ila kujaza sio kutibu jamani. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu polima ya asidi ya laktiki kwa watu wenye VVU ambao mashavu yao yalikuwa yamebonyea, na ile ni jamii moja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe, yaani inaondoka taratibu huku ikichokoza seli zitengeneze kolajeni, mwishowe kinachobaki ni cha mgonjwa mwenyewe. Huo ndo mwelekeo!

Halafu kuna kazi ya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles Marekani, ya 2015, hii nairudia kila mara. Jeli nyingi vitundu vyake ni vidogo mno, seli haziingii mpaka ziitafune kwanza. Wao wakatengeneza vipunje vidogo vya jeli, vinapita kwenye sindano, vikifika kwenye kidonda vinashikana na kuacha nafasi katikati, seli zinapenya moja kwa moja, na kwenye panya vidonda vilifunga haraka kuliko kwa jeli isiyo na nafasi hizo. Ni panya, najua, ngozi yao inafunga kwa kujivuta tofauti na yetu, kwa hiyo bado kuna safari.

Ninachotaka mimi ni majaribio yabadilishe kipimo. Wasiishie kupiga picha ya mkunjo baada ya miezi kadhaa, wapime kama mishipa ya damu imeingia, kama pale pamelainika na panavutika, na kama mwenye kovu anakunja kiwiko chake bila maumivu wakati jeli yenyewe imeshaisha.