Dirisha Linalomhudumia Gari na Kumkataa Mtu

Usiku mmoja wa Januari, miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee kusini mwa jiji la Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, nilitoka kazini saa saba nikiwa sijala tangu mchana. Karibu na kituo cha basi palikuwa na mgahawa wa vyakula vya haraka. Ukumbi wake ulikuwa umefungwa, lakini dirisha la kuuzia chakula watu walio ndani ya magari lilikuwa wazi, na magari manne yalikuwa yamepanga foleni. Nikasimama nyuma ya gari la mwisho, nikangoja zamu yangu kama wengine. Nilipofika dirishani, kijana aliyekuwa akihudumu aliniambia kwa upole kwamba hawaruhusiwi kumuuzia mtu aliyekuja kwa miguu. Pesa nilikuwa nazo mkononi. Gari lililokuwa nyuma yangu lilisogea, likahudumiwa, likaondoka.

Simlaumu kijana yule, kwa kuwa alikuwa mwajiriwa kama mimi na kanuni ile hakuitunga yeye. Hata hivyo, tangu usiku huo nimekuwa nikiuangalia kwa jicho jingine mjadala wa iwapo madirisha ya magari yana nafasi katika mitaa yenye watu wengi. Mjadala huo kwa kawaida huendeshwa kwa hoja za msongamano, moshi, kelele za vipaza sauti na takataka zinazozagaa, nazo zote ni hoja za kweli. Kwangu mimi, hata hivyo, hoja iliyo mbele ya hizo ni moja: biashara inayopewa ardhi katikati ya mtaa wa watu waendao kwa miguu haina haki ya kumfungia mlango mkazi wa mtaa huo kwa sababu hana gari.

Dirisha la magari halikubuniwa kwa ajili ya mitaa ya namna hiyo. Mwaka 1948 Harry na Esther Snyder walifungua kibanda chao cha baga, In-N-Out, katika mji mdogo wa Baldwin Park nje ya Los Angeles, ambako dereva aliagiza kwa kipaza sauti na kupokea chakula bila kushuka. McDonald's ilichelewa sana kuifuata njia hiyo. Dirisha lake la kwanza la magari lilifunguliwa mwaka 1975 huko Sierra Vista, Arizona, mji wa jangwani ulio jirani na kambi ya jeshi ya Fort Huachuca, kwa sababu askari wa kambi hiyo hawakuruhusiwa kushuka magarini hadharani wakiwa wamevaa magwanda ya kazi. Lilikuwa suluhisho la busara kwa tatizo la mahali pale: ardhi tele, magari mengi, na wateja waliokatazwa kukanyaga chini. Leo McDonald's yenyewe imewahi kueleza kwamba takriban asilimia 70 ya mauzo katika masoko yake makubwa hupitia madirisha hayo, na mtu akiifahamu hesabu hiyo hatashangaa kwa nini kampuni za aina hii hupigania kila kiwanja cha kona kwa nguvu zote.

Sasa lichukue dirisha hilo ulilete mjini. Kiwanja cha kawaida cha nyumba hapa Minneapolis kina upana wa futi 40, yaani kama mita 12. Gari moja likiwa kwenye foleni, pamoja na nafasi ya mbele yake, linahitaji karibu mita 6. Foleni ya magari kumi, ambayo ni ya kawaida asubuhi ya siku ya kazi, ina urefu wa mita 60, sawa na upana wa viwanja vitano vya nyumba vilivyopangana. Ndiyo maana mgahawa wenye jiko dogo kabisa hula ardhi ambayo ingetosha jengo la ghorofa nne lenye maduka chini na familia juu yake. Tena njia hiyo ya magari lazima iingie na kutoka, na kila inapoingia na kutoka huikata njia ya waenda kwa miguu mara mbili, mahali ambapo dereva ameelekeza macho kwenye bei zilizoandikwa ubaoni au anafungua mfuko wa chakula huku akirudi barabarani. Mama anayesukuma kigari cha mtoto hapo hana wa kumtazama.

Foleni ikizidi uwezo wa kiwanja, ziada yake humwagikia barabarani, na gharama yake hubebwa na watu ambao hawakununua hata soda. Mwaka 2022 baraza la jiji la Santa Barbara, California, lilifikia hatua ya kujadili kuutangaza mgahawa mmoja wa kuku kuwa kero kwa umma, kwa kuwa magari ya wateja wake yalikuwa yakiziba njia moja ya State Street, barabara ambayo mabasi na baiskeli huitegemea. Santa Barbara ilikuwa imekataza madirisha mapya ya magari miongo kadhaa kabla ya hapo. Dirisha la mgahawa huo lilikuwa la zamani lililoachwa liendelee.

Minneapolis nayo ilichukua hatua mwezi Agosti 2019, baraza la jiji lilipopiga marufuku madirisha mapya ya magari katika jiji zima, yawe ya migahawa, ya benki au ya maduka ya dawa, kwa kufuata mwelekeo wa mpango wa maendeleo unaojulikana kama Minneapolis 2040. Ninaliunga mkono katazo hilo bila kusitasita. Fikiria mtaa wa Cedar-Riverside, ambako maghorofa ya Riverside Plaza yamekuwa makazi ya maelfu ya wahamiaji, wengi wao kutoka Somalia na Ethiopia, na ambako kituo cha treni kiko umbali wa kutembea tu. Kuweka foleni ya magari katikati ya mtaa kama huo ni kuwaambia wakazi wake kwamba barabara yao ni ya kupitwa na wageni. Lakini katazo lile linahusu yatakayojengwa, nayo yaliyokwisha kujengwa yamebaki. Sheria ya jimbo la Minnesota huyalinda matumizi ya ardhi yaliyokuwa halali kabla ya kanuni kubadilika. Kwa kawaida haki hiyo hupotea tu biashara ikisimama kwa zaidi ya mwaka mmoja, au jengo likiharibika kwa zaidi ya nusu ya thamani yake na mwenyewe asiombe kibali cha kulijenga upya ndani ya siku 180. Kwa hiyo mengi ya madirisha haya yataendelea kuwa nasi kwa muda mrefu, na swali la namna ya kuyafanya yaishi na majirani zake halijafungwa na kura ya mwaka 2019.

Wapo wanaolipinga katazo hili kwa hoja nzito, na siwezi kuzipita. Watu wenye ulemavu walisema, na wanaendelea kusema, kwamba kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kushusha kiti garini, kukisukuma juu ya theluji na kukipakia tena kwa ajili ya kikombe cha kahawa ni kazi ya nusu saa. Mzazi mwenye watoto watatu waliolala kwenye kiti cha nyuma anakijua kitulizo cha kutowaamsha. Na baridi ya huku si ya mzaha. Kuna usiku wa Januari ambapo kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 20 hasi. Nazikubali hoja hizi zote. Ninachouliza ni hiki: je, ili kumhudumia mtu aliye ndani ya gari, ni lazima kuwe na njia ya magari ya mita 60 inayozunguka jengo? Nafasi mbili au tatu za kuegesha mbele ya mlango, zenye namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa na mfanyakazi wa kutoka na chakula, humfikia mtu huyo huyo bila kuigeuza kona nzima kuwa ya magari. Na baridi ile ile inayomtesa mwenye gari humtesa zaidi aliyesimama kituoni akisubiri basi.

Kampuni hueleza kwamba huwakataa waenda kwa miguu kwa ajili ya usalama wao, kwa kuwa mtu aliyesimama katika njia ya magari anaweza kugongwa. Naamini wanasema kweli. Lakini wakisema hivyo wanakiri jambo kubwa: kwamba wamejenga, katika mtaa ambao watu hutembea mchana na usiku, mahali ambapo si salama kwa binadamu kusimama. Kama hali ndiyo hiyo, tiba ni kujenga dirisha la pili upande wa barabara, kwenye kimo cha mtu aliyesimama, na kuliacha wazi kwa saa zile zile. Jiji la Portland, Oregon, liliweka katika kanuni zake sharti kwamba madirisha mapya ya magari yawahudumie pia wanaofika kwa miguu au kwa baiskeli. Ningependa sharti la namna hiyo lifungamanishwe na leseni za migahawa yote ya mijini, mipya na ya zamani, kwa sababu leseni huhuishwa mara kwa mara, ilhali ukumbi haujengwi upya kila mwaka.

Wapo pia wanaotegemea wahandisi. Katika kitongoji cha Brooklyn Park, kaskazini mwa hapa, ambako Wakenya wenzangu wengi wamejenga maisha, kampuni ya vyakula vya haraka ya Taco Bell ilifungua mwezi Juni 2022 mgahawa wa ghorofa mbili wenye njia nne za magari, jiko likiwa juu na chakula kikiteremshwa kwa lifti ndogo. Ni ubunifu wa kupendeza, nami nilisimama kuutazama. Lakini kilichopandishwa juu ni jiko. Njia nne bado zimelala chini, na katika mtaa wa mjini chini ndiko tulikobanana.

Nimekulia Nakuru, na pengine ndiyo sababu jambo hili linanigusa kiasi hiki. Kibanda cha chipsi cha mtaani kwetu kilikuwa na dirisha moja, linalotazama njia, na mwenye gari alipofika aliegesha akaja kusimama na sisi, au akamtuma mtoto. Sasa Nairobi nako migahawa ya kuku na baga inaota katika vituo vya mafuta na kando ya barabara kuu, mingine ikiwa na madirisha ya magari, katika jiji ambalo umati mkubwa hutembea kwenda kazini kila alfajiri. Wanaopitisha ramani za majengo hayo wana nafasi ambayo Minneapolis ilikuwa imeshaipoteza ilipofika mwaka 2019, nayo ni nafasi ya kuuliza mwanzoni kabisa mtu wa miguu atahudumiwa wapi.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mzee anayetumia kiti cha magurudumu na ana gari lililotengenezwa kwa ajili yake. Kila Jumamosi huenda kwa Msomali mwenye duka la sambusa kwenye kona ya mtaa wetu. Duka hilo halina njia ya magari. Mlango wake unafunguka kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mzee huegesha mbele, hupiga honi mara moja, na msichana wa dukani hutoka na mfuko wa karatasi na chai yenye hiliki, akaweka kila kitu mikononi mwake kupitia kioo cha gari, kisha akarudi ndani kuwahudumia wateja waliosimama.